Kibarua wa shamba katika Jeshi la Miti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vijana wa CCC, Marekani, 1933–1942

Habari za Mdororo Mkuu wa Uchumi kwa kawaida husimuliwa kuanzia mjini: mabenki yaliyofungwa, foleni za supu, viwanda vilivyozimwa. Hapa tunaanzia shambani, kwa kijana wa kijijini asiye na ardhi, aliyezoea kulima na kukamua ng'ombe wa watu wengine, kisha akajikuta kambini akipanda miti na kuziba makorongo kwa mshahara wa serikali. Maswali yafuatayo ndiyo huulizwa zaidi kumhusu.

CCC ilikuwa nini hasa?

Kwa jina kamili ni Civilian Conservation Corps, yaani kikosi cha raia cha kuhifadhi misitu, udongo na maji. Rais Franklin D. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na sheria iliyokianzisha ikatiwa saini tarehe 31 mwezi huohuo. Kambi ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Aprili kwenye msitu wa taifa huko Virginia, na kufikia Julai vijana wapatao robo milioni walikuwa tayari makambini. Kwa serikali yoyote ile, kasi hiyo ni ya kushangaza. Kikosi kilidumu hadi 1942 na watu karibu milioni 3 wakapitia humo. Watu walikiita Jeshi la Miti la Roosevelt, kwa sababu kilipanda miti zaidi ya bilioni 3.

Kijana wa shamba angekosaje kazi? Shambani si kuna kazi kila siku?

Kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni pesa ya kumlipa anayeifanya. Kati ya 1929 na 1932 mapato ya wakulima wa Marekani yalishuka kwa zaidi ya nusu. Bei ya ngano na pamba ilianguka kiasi kwamba wapo waliovuna wakapata hasara kubwa kuliko kama wangeyaacha mazao shambani. Mwenye shamba aliyekuwa na deni benki alikata matumizi, na tumizi la kwanza kukatwa lilikuwa kibarua. Mwenyewe na wanawe wakabeba kazi yote.

Kusini hali ilikuwa na uchungu wa ziada, na jambo hili halitajwi vya kutosha. Ili kupandisha bei, serikali hiyohiyo ya Roosevelt ilianza mwaka 1933 kuwalipa wenye mashamba wapunguze kilimo. Kiangazi cha mwaka huo, takriban ekari milioni 10 za pamba zililimwa na kufukiwa zikiwa bado shambani. Malipo yalipitia mikononi mwa mwenye ardhi. Aliyelima kwa kugawana mavuno, na kibarua wa kutwa, hawakuwa na ardhi ya kulipiwa. Wengi walipata sehemu ndogo au hawakupata kitu, na familia nyingi zikaambiwa zihame kwa kuwa hakuna tena pamba ya kupalilia. Kwa hiyo kijana anayefika kambini huenda alikuwa amesukumwa na mambo matatu kwa pamoja: bei, trekta iliyochukua kazi yake, na sera iliyokusudiwa kumwokoa mkulima.

Kwingine, katika nyanda za Oklahoma, Kansas, Texas na Colorado, ardhi yenyewe ilipeperuka. Majani ya asili yalikuwa yamelimwa ili kupisha ngano, ukame ukaja, upepo ukazoa udongo. Dhoruba ya tarehe 14 Aprili 1935 iligeuza mchana kuwa giza, na siku hiyo bado inaitwa Jumapili Nyeusi.

Nani aliruhusiwa kujiandikisha?

Mwanzoni, wanaume wa miaka 18 hadi 25, raia, wasio na mke wala kazi, na ambao familia zao zinapokea msaada wa serikali. Mipaka ya umri ilibadilishwa zaidi ya mara moja baadaye. Wa miaka 17 nao wakakubaliwa. Mkataba ulikuwa wa miezi sita na uliweza kurudiwa, kwa kawaida usizidi miaka miwili.

Palikuwa na milango mingine. Maveterani wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliruhusiwa bila kujali umri wala ndoa. Vilevile kila kambi iliajiri mafundi wenyeji, watu wazima wanaojua misitu na mawe ya eneo lao, wawafundishe vijana. Hatua hiyo ilikuwa ya busara mara mbili: vijana walipata walimu, na wenyeji waliokuwa wakilalamika kwamba wageni wanakuja kuchukua kazi zao wakapata ajira.

Dola 30 kwa mwezi zilikuwa pesa ya maana?

Kwa kibarua wa shamba, ndiyo. Mwaka 1933 kibarua anayelala na kula kwa mwajiri wake kwa kawaida alipata chini ya dola 20 kwa mwezi, kama alilipwa. Kambini alipata dola 30, pamoja na chakula, nguo, kitanda na matibabu.

Lakini pesa hiyo hakuishika. Karibu yote, mara nyingi dola 25, ilitumwa moja kwa moja nyumbani. Alibaki na dola 5 za tumbaku, stempu, kinyozi na sinema ya Jumamosi. Kiongozi wa kundi alilipwa dola 45 na msaidizi wake dola 36, kwa hiyo vyeo hivyo viligombewa.

Anayetaka kuelewa CCC aanze na hizo dola 25. Zilifika kwenye nyumba ambayo huenda haikuwa imeona noti kwa miezi. Zililipa duka la kijijini lililokuwa likikopesha unga, nalo duka likamlipa msambazaji. Kijana wa miaka 18, ambaye jana alikuwa mdomo wa kulishwa, sasa ndiye anayelisha wadogo zake kutoka mbali.

Siku ya kambini ilikwendaje?

Kambi moja ilikuwa na watu kama 200. Mwanzoni walilala kwenye mahema, kisha kwenye mabweni ya mbao waliyojenga wenyewe au yaliyojengwa kwa haraka. Tarumbeta ililia saa kumi na mbili asubuhi. Mazoezi ya viungo, kutandika kitanda, kifungua kinywa, na saa mbili malori yameondoka kwenda kazini. Chakula cha mchana kiliwafuata porini. Saa kumi jioni walirudi, wakaoga, wakajipanga bendera ikishushwa, wakala. Taa zilizimwa saa nne usiku. Wiki ya kazi ilikuwa siku tano, saa 40.

Kwa kijana aliyezoea kukamua kabla ya mapambazuko siku saba za wiki, ratiba hiyo ilikuwa ahueni. Waliosumbuka zaidi ni vijana wa mjini, ambao hawakuwa wamewahi kushika shoka.

Siku ya kufika walipimwa na daktari na kuchanjwa dhidi ya ndui na homa ya matumbo. Wengi walikuwa wembamba kupita kiasi. Ripoti za kikosi zilijivunia kwamba katika miezi michache kuruta aliongezeka kilo kadhaa, na hapakuwa na dawa ya siri: nyama, maziwa, viazi, mkate, mara tatu kwa siku. Nguo za mwanzo zilikuwa masalio ya jeshi kutoka vita vilivyopita, na mara nyingi hazikumtosha mvaaji.

Baada ya chakula cha jioni palikuwa na madarasa kwa anayetaka: hesabu, ufundi wa magari, uchomeleaji, kupiga taipu. Zaidi ya watu 40,000 walioingia bila kujua kusoma waliondoka wanasoma. Fikiria maana yake kwa barua. Wapo waliotoka nyumbani wakiandikiwa na wenzao, na kabla mkataba haujaisha wakawa wanamwandikia mama wenyewe.

Walitoroka?

Wapo, na hawakuwa wachache, hasa wiki za mwanzo. Wengi hawakuwa wamewahi kulala usiku hata mmoja mbali na kwao. Kutamani nyumbani kuliwashinda wengine haraka kuliko kazi nzito.

Kazi yenyewe ilikuwa ipi?

Inategemea kambi ilikuwa wapi na chini ya idara gani. Kwenye misitu walipanda miche, wakafyeka njia za kuzuia moto, wakajenga minara ya kuangalizia moshi zaidi ya 3,000 na kuvuta nyaya za simu. Kwenye hifadhi walijenga barabara, madaraja ya mawe na vibanda ambavyo watalii bado wanavitumia.

Kambi zinazomhusu zaidi mtu wetu ni zile za kuhifadhi udongo, kwa sababu zilimrudisha mashambani. Mfano ulio bora ni Coon Valley, bonde la vilima vikali kusini-magharibi mwa Wisconsin, lililokaliwa na wahamiaji wengi kutoka Norway. Wakulima wa huko walikuwa wamelima kwa kupanda na kushuka mlima kwa mistari iliyonyooka, na kuachia ng'ombe kwenye misitu ya miteremkoni. Kila mvua kubwa ilishuka kama mto. Makorongo yalikula mashamba, udongo ukafukia malisho ya bondeni, hata nyua na barabara zikafunikwa na tope. Mwaka 1933 bonde hilo likachaguliwa kuwa mradi wa kwanza wa mfano wa kuhifadhi bonde zima la kijito. Aliyeongoza idara ya udongo ya taifa alikuwa Hugh Hammond Bennett, mtu aliyehubiri habari za mmomonyoko kwa bidii ya mchungaji, na miongoni mwa washauri wa mradi alikuwemo Aldo Leopold, mtaalamu wa wanyamapori wa Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Mkulima alitia saini makubaliano ya miaka mitano kwamba atafuata mpango wa shamba lake. Kwa upande wake, serikali ilimpa mbegu, chokaa, waya wa uzio, na vijana wa CCC wa kufanya kazi.

Na kazi ilikuwa hivi. Kwanza, kupima kontua, yaani mistari inayozunguka mlima kwa kimo kilekile, na kuweka alama, ili jembe lifuate ubavu wa mlima badala ya kuupanda. Kila mfereji wa jembe unakuwa kizuizi kidogo cha maji. Pili, kugawa mteremko kwa mikanda: mahindi, kisha nyasi za malisho, kisha mahindi tena, ili maji yanayoanza kukimbia kwenye mahindi yakamatwe na nyasi. Tatu, kuwatoa ng'ombe msituni kwa kuvuta seng'enge kando ya miti. Hili lilipingwa sana, maana mkulima aliona ananyang'anywa malisho. Lakini ng'ombe hukanyaga ardhi ikashikana kama sakafu na kula miche yote, na maji yanayoshuka kutoka msitu wa namna hiyo ndiyo yanayofungua korongo chini. Nne, makorongo yenyewe: kulaza kingo, kujenga vizuizi vya mawe mahali maji yanaposhuka kwa nguvu, kisha kupanda miti na vichaka vishike udongo.

Tazama orodha hiyo tena. Kuchimba mashimo ya nguzo, kukaza waya, kubeba mawe, kuongoza farasi: hakuna hata kimoja ambacho kibarua wa shamba hakukijua. Kipya kilikuwa sababu. Alikuwa amelima miteremko tangu utotoni kwa amri ya mwenye shamba, na sasa, pengine kwa mara ya kwanza, mtu anamweleza maji yanafanya nini ardhini na kwa nini mstari ulionyooka unaharibu. Nadhani hicho ndicho kilikuwa kisomo kikubwa kuliko vyote alivyopata kambini, ingawa hakikutolewa cheti.

Matokeo yalidumu. Watafiti waliorudi kupima tope la kijito cha Coon miongo kadhaa baadaye walikuta mmomonyoko umepungua sana, na mikanda ile ya kontua bado inaonekana ukipita juu kwa ndege.

Ardhi waliyoiponya ilikuwa ya nani?

Swali hili huulizwa na wachache, nami natamani lingeulizwa na wote. Misitu ya taifa na hifadhi ilikuwa mali ya umma. Mashamba yalikuwa ya wenyewe. Kijana aliyekosa ujira kwa mkulima mmoja alilipwa na serikali kujenga thamani ya shamba la mkulima mwingine, na mkataba ulipoisha hakuwa na haki ya hata pembe moja ya ardhi hiyo. Sisemi kwamba alidhulumiwa. Alilipwa kama alivyoahidiwa, na udongo uliookolewa uliwalisha wengi. Lakini unaposoma kwamba wakulima wa Marekani waliokoa mashamba yao, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya mawe hayo ilibebwa na watu wasio na shamba.

Je, walikuwa wanajeshi? Ilikuwa kama JKT?

Jeshi la nchi kavu liliendesha makambi: chakula, malazi, nidhamu, mishahara. Kazi za mchana zilisimamiwa na idara za Kilimo na Mambo ya Ndani, na uteuzi wa vijana uliratibiwa na Idara ya Kazi. Hapakuwa na bunduki. Mkurugenzi wa kwanza, Robert Fechner, alitoka kwenye chama cha wafanyakazi, na hilo lilisaidia kutuliza hofu ya kuunda jeshi la vijana kama ilivyokuwa Ujerumani wakati huo. Ufanano na JKT ya Tanzania au NYS ya Kenya upo kwa macho, lakini hizo zina chimbuko lao baada ya uhuru.

Vijana Weusi walipokelewa?

Sheria ilisema hapatakuwa na ubaguzi wa rangi, kabila wala dini. Kifungu hicho kiliingizwa na Oscar De Priest wa Illinois, ambaye wakati ule alikuwa mbunge Mweusi pekee katika Bunge la Marekani. Utekelezaji ulikuwa kitu kingine. Baadhi ya maofisa wa Kusini, hasa Georgia, walikataa mwanzoni kuwaandikisha Weusi kabisa, kwa madai kwamba wanahitajika kwenye pamba, na walilegea baada ya shinikizo kutoka Washington. Idadi ya Weusi ilifungwa kwenye asilimia 10 hivi, sawa na sehemu yao katika idadi ya watu, ingawa katika umaskini sehemu yao ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1935 Fechner aliamuru makambi yatenganishwe. Miji mingi ilipinga kambi ya Weusi kuwekwa jirani, Kaskazini na Kusini.

Hata hivyo zaidi ya vijana Weusi 200,000 walipita humo. Kwa mtoto wa mgawana mavuno huko Kusini, kulipwa kila mwezi kiasi kilekile anacholipwa kijana Mzungu, bila kukatwa deni la duka la mwenye ardhi, lilikuwa jambo ambalo baba yake hakuwahi kuliona.

Na wenyeji wa asili? Na wanawake?

Wenyeji wa asili walikuwa na kitengo chao. Zaidi ya 80,000 walifanya kazi, wengi kwenye ardhi za makabila yao wenyewe na wakilala nyumbani.

Wanawake hawakukubaliwa CCC. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alipigania makambi yao, na yakaanzishwa machache, la kwanza New York mwaka 1933. Yalipokea wanawake wapatao 8,500 tu, kwa posho ndogo. Wakati huohuo, mabinti wa vijijini waliendelea kupalilia na kukamua bila ujira wowote.

Kazi ilikuwa ya hatari?

Ndiyo. Magari, miti inayoanguka, baruti za kupasulia miamba, na juu ya yote, moto. Agosti 1937 moto wa Blackwater huko Wyoming uliua watu 15 upepo ulipogeuka, na wengi wao walikuwa vijana wa CCC. Uchunguzi wa mkasa huo ulichangia kuanzishwa kwa wazima moto wanaoshuka kwa miamvuli, ili moto ufikiwe ungali mdogo.

Watu huchanganya hapa na kimbunga cha Florida cha Septemba 1935 kilichoua maveterani zaidi ya 200. Wale walikuwa kwenye mpango mwingine wa msaada, si CCC.

Yote waliyofanya yaliinufaisha ardhi?

Hapana. Walikausha vinamasi. Walipasua barabara kwenye misitu ambayo ingefaa iachwe kimya. Walipanda misonobari ya aina moja kwa safu kama askari. Kusini walisaidia kusambaza kudzu, mmea mtambaazi kutoka Asia uliosifiwa kwamba unashika udongo. Uliushika, kisha ukapanda miti na nyumba, na leo unahesabiwa kuwa gugu. Leopold, aliyeunga mkono mradi wa Coon Valley, alilalamika mapema kwamba kundi moja huharibu bila kujua kile ambacho kundi jingine linakilinda.

Kuna uhusiano na matuta ya lazima ya enzi za ukoloni Afrika Mashariki?

Upo. Vumbi la Marekani liliwatisha maofisa wa kilimo wa Kiingereza, na mbinu za huko zilisomwa Nairobi na Dar es Salaam. Ila walichukua matuta na kuacha mshahara. Murang'a, baada ya Vita vya Pili, wanawake waliitwa kuchimba matuta bila malipo mpaka wakagoma na kuandamana. Uluguru, ghasia za 1955 ziliufanya mpango wa matuta uachwe. Waluguru walikuwa wamesema kwamba kwenye miteremko ile kuchimba ngazi kunafukua udongo usio na rutuba, na walikuwa na hoja. Coon Valley mkulima alitia saini, na mchimbaji alilipwa.

Alirudi shambani baadaye?

Wengine walirudi, wengine walitumia ufundi wa lori au katapila kupata kazi mjini. Bunge lilisitisha fedha za kikosi katikati ya 1942, vita vikiwa vimeanza, na wengi wakaingia jeshini wakiwa tayari wanajua maisha ya kambi.

Aliyerudi kuwa kibarua alikuta pengo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 haikumhesabu mfanyakazi wa shambani. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka huohuo haikumhesabu. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 haikumhesabu. Kambini saa zake zilikuwa 40 kwa wiki. Alipovuka lango kurudi kwa mwenye shamba hazikuwa na kikomo. Pensheni ya vibarua wa mashambani ilianza kuguswa na sheria mwaka 1950, na kima cha chini mwaka 1966.

Mume wangu ni Mmarekani na babu yake alikuwa CCC. Tunapataje kumbukumbu zake?

Mafaili ya walioandikishwa yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, tawi la St. Louis, Missouri. Andaeni jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na ikiwezekana jimbo alikojiandikishia. Namba ya kambi ikijulikana, utafutaji unakuwa mwepesi. Msitegemee barua au maelezo marefu. Faili la kawaida ni kurasa chache: kazi aliyokuwa akifanya kabla, elimu yake, kambi alizopita, tarehe za kuingia na kutoka, urefu na uzito. Tafuteni pia mstari unaotaja aliyetumiwa pesa kila mwezi. Katika mafaili mengi ni jina la mama.